Sabuni Ndani ya Kibuyu cha Bibi Yako

Kuna asubuhi moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo kichwa kinaniuma. Ulikuwa mdogo, ndio kwanza umetoka hospitali. Dawa zilikuwa zimeua ugonjwa, alhamdulillahi, lakini tumbo lilikuwa limevurugika. Kila ulichokula kilitoka, mbavu zote nje. Kitu pekee kilichokaa ni maziwa ya mgando ya bibi yako, mama mkwe wangu, kule Kinango kwa wafugaji nilikoolewa mimi mtu wa Munje, pwani kwa wavuvi.

Basi shangazi yako, eti ananisaidia, akakichukua kibuyu cha maziwa akakisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto kama sufuria ya pilau. Kibuyu husuuzwa kwa maji tu, kikafukizwa moshi, na ndani hubaki maziwa kidogo ya jana ili ya leo yagande. Tuliyotia siku ile hayakuganda, yalioza. Ukakosa mgando, ukarudi kulegea, nami nikalia.

Bibi yako alikinusa kibuyu, akakaa chini. "Wewe," akamwambia bintiye, "umeosha chombo au umefukuza wenye nyumba?" Kisha akajifunga leso, akaenda juani kwa jirani kuomba mgando wa kuanzishia upya. Polepole ukasimama.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilimkuta mwanao ana mafua, nawe unampa antibiotiki zilizobaki za baba yake. Lahaula! Mafua hayasikii dawa hiyo. Inaowaua ni wale vijidudu wema wa tumboni, wenye nyumba kama wale wa kibuyuni wanaogandisha maziwa, wanaosaidia kusaga chakula na kuufunza mwili kupigana na maradhi. Halafu akiharisha unanipigia simu, "Mama, sijui mtoto ana nini." Utajuaje, na sabuni umeishika wewe?

Nimechoka kurudia. Antibiotiki mpe akiandikiwa na daktari, na hapo amalize dozi. Akiharisha sana, mkimbize hospitali, mgando hautibu kila kitu. Siku za kawaida mpe mgando, mboga na kunde, si ule mtindi wa dukani wa rangi uliojaa sukari.

Kibuyu cha bibi yako kiko kwangu. Maziwa uyachemshe, yapoe, ndipo utie. Njoo Jumamosi ukichukue, na ukikigusa kwa sabuni usiniite mama. Mwenyezi Mungu amlinde mjukuu wangu, na wewe akujaalie masikio.