Nia ya Pili ya Kidonda

Nakumbuka, mjukuu wangu, asubuhi niliyokuta kitanda cha mgonjwa ni kitupu kwa sababu ya neno moja la Kizungu nililolitafsiri bila kulielewa.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ndogo ya Migori. Kwetu ni upande wa Oyugis, na shuleni hakuna aliyenishinda Kiingereza. Wenzangu waliniita Kamusi. Jina hilo lilinilevya, usinicheke. Daktari wetu alitoka mbali na hakujua Kijaluo, kwa hiyo kila asubuhi nilitembea naye wodini nikiwafasiria wagonjwa, kifua mbele.

Basi akaletwa Odhiambo, mvuvi wa Muhuru Bay. Pangaboi la injini ya boti lilikuwa limemchana paja, na kidonda kilikuwa kimekaa na uchafu siku tatu. Mama yake, mjane aliyejaliwa mwana huyo mmoja tu, hakubanduka pale kitandani. Daktari alikisafisha kile kidonda, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba hatakishona. Kitaachwa wazi, kipone kwa "second intention".

Nilijua kwamba "intention" ni nia. Lakini kidonda kina nia gani? Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza. Nikamtazama yule mama, naye ananingoja mimi, Kamusi. Nikaona aibu.

"Daktari hatashona," nikamwambia. "Anasema kuna nia ya pili."

"Nia ya pili? Kwani ya kwanza ilikuwa gani?"

"Mama, hayo ni mambo ya madaktari," nikajibu, nikasogea kwa mgonjwa mwingine.

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini unavunja mifupa. Kesho yake hawakuwepo. Wagonjwa wa jirani walinieleza kwamba yule mama alikuwa amelia sana. Alisema mtu mwenye nia ya pili ni mtu anayeficha jambo, kwamba tunauacha mguu uoze ili tupate sababu ya kuukata. Mvuvi wa mguu mmoja atavua nini? Alfajiri alimpakia mwanawe kwenye pikapu ya wafanyabiashara wa samaki, wakarudi kwao.

Nikaenda kwa Sista Wilkista, mkuu wa wodi, mama mnene aliyesema kwa sauti ya chini hata akikasirika.

"Neno lenyewe ulilijua maana?"

"Hapana, Sista."

"Na bado ukasema."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Mgonjwa hakuja hapa kusikia Kiingereza chako," akasema. "Chukua bandeji na dawa. Tunaenda Muhuru, na utamwambia mama wa watu kwa mdomo wako mwenyewe."

Njia nzima niliomba jambo moja tu, tumkute hai na jeraha halijaguswa. Tulipofika, omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa uwanjani, na mama yake alikuwa amesimama mlangoni kama askari.

"Mmekuja kuchukua mguu?" akauliza.

Ndani, mjomba wa Odhiambo, fundi wa kushona nyavu, alikuwa amechemsha sindano na uzi. Sindano ilikuwa tayari mkononi. Odhiambo ameuma kitambaa, macho ameyafumba.

"Ngoja, ndugu yangu!" Sista akasema, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Ukishona, usaha utabaki ndani, utammaliza."

Mjomba akasita. Wote wakanigeukia mimi. Nikapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, nilikudanganya. Lile neno sikulijua. Niliogopa kusema sijui."

Sista akamweleza taratibu. Jeraha safi hushonwa, kingo zikakutana upesi; Wazungu huita hiyo "intention" ya kwanza. Jeraha chafu huachwa wazi, nyama ijijaze kutoka chini kwenda juu. Hiyo ni ya pili. "Ukuta wenye mchwa," akamwambia, "huukandiki udongo juu yake. Unatoa mchwa kwanza."

Yule mama akaniinua kwa mkono. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "si ungesema tu hujui? Mimi nimezeeka na mengi sijui, na bado naishi."

Mjomba akaiweka sindano chini. Moyo wangu ulishuka mahali pake, nikalia bila haya mbele za watu.

Odhiambo alirudi wodini siku hiyo hiyo. Nilimwosha kidonda kila siku, nikaona nyama nyekundu ikipanda kidogo kidogo, na siku alipotembea mwenyewe hadi getini mama yake alicheka, nami nikacheka, hata daktari akatoka kuangalia kuna nini. Nilipata ujasiri wa kumwuliza lile neno. Alifurahi! Akanieleza kwamba asili yake ni kunyoosha, kuelekeza kitu mahali fulani. Ndiyo maana lina kazi nyingi. Kanisani, jambo mnaloliombea misa huitwa hivyo. Mahakamani huulizwa kama uliyekosa ulikusudia. Na miaka michache baadaye baba yangu, mwalimu mstaafu, alimwuliza kijana mmoja "intentions" zake kwangu, akimaanisha kama ataoa au anapita tu. Hiyo sikuhitaji kufasiriwa. Ndiye babu yako.

Leo simu yako inakupa tafsiri kabla hujapepesa jicho, nami sikukatazi. Lakini neno ni lile lile, na kazi zake ni nyingi. Simu haimwoni mama anayekungoja kitandani kwa mwanawe. Kwa hiyo, mwanangu, usipojua sema hujui, kisha uulize, kwa maana kuuliza si ujinga. Usiseme kwa niaba ya mtu jambo usilolielewa. Na ukikosea, nenda kwa miguu yako hadi kwa uliyemkosea, upesi, kabla kosa halijaota mizizi. Nia njema peke yake isingemwokoa Odhiambo. Kilichomwokoa ni kwamba tulifika.

Mungu akuongoze uendako, akupe wa kukukanya kwa upole, na kila ulilolikosea akujalie muda wa kulirekebisha. Ubarikiwe, mwanangu.