Paneli Iliyotazama Barabara

Fundi cherehani alipofunga sola, aliielekeza paneli barabarani ili kila mpita njia aione. Jua lenyewe lilishinda upande wa pili wa paa. Kabla ya adhuhuri betri ilikuwa imekwisha, cherehani ya umeme imenyamaza, na nguo za wateja zimebaki nusu nusu.

"Baba watoto," mkewe alimwambia huku akicheka, "hiyo paneli inachajiwa na majirani?"

"Waache waone, mke wangu. Hiyo ndiyo heshima ya nyumba."

"Basi waombe wakushonee na hizo nguo."

Fundi alinuna, lakini wateja walikwisha kuanza kumhama. Ikambidi ajishushe. Alipanda juu, akaihamishia paneli nyuma, ambako hakuna wa kuiona isipokuwa kuku. Cherehani ikaunguruma mchana kutwa.

Siku moja umeme ulikatika mtaa mzima. Mteja mmoja akaingia, akashangaa. "Fundi, mbona wewe unashona?"

Fundi aliweka mkasi chini, uso umemchanua kama bwana harusi. "Njoo huku nyuma, dada." Alimweleza habari za paneli mpaka jua likatua, na gauni la mteja huyo halikuisha siku ile.