Karatasi Niliyoificha Nje ya Faili

Siku niliyompelekea Mama Kalondu faili langu naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilienda kwa maringo. Nilikuwa kijana, nafundisha kilimo chuoni huku Kitui kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Chuo kiliniambia nilete faili la ufundishaji, linaloonyesha ninavyofundisha na ushahidi wake. Likipita, naajiriwa kabisa. Likikataliwa, narudi kwetu Mukuyuni.

Basi nikalijaza vyeti na picha zangu nimevaa tai. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na langu lilijitembeza kweli. Mama Kalondu, mwalimu mwenzetu aliyekaribia kustaafu, niliyemwomba alipitie kwanza, akalifunua polepole akilamba kidole, kisha akauliza maoni ya wanafunzi yako wapi. Nilikuwa nimeyachuja, na moja nililificha kabisa. Msichana wa Kalamba aliandika kwamba ninafundisha fanya juu kama mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Unajua fanya juu: unachimba mtaro shambani, udongo unautupa upande wa juu, mvua isiubebe. Mimi ubaoni nilichora udongo ukitupwa chini! Jina lenyewe linakuambia, na mimi Mkamba mzima, kwetu mitaro hiyo imejaa kila kilima.

Aliponibana nikamletea ile karatasi. Akaisoma, akacheka mpaka akapangusa macho.

"Hili ndilo faili lako," akasema. "Hayo mengine ni albamu ya harusi."

Nilikasirika, sikufichi. Lakini mficha uchi hazai. Wiki iliyofuata nikapeleka darasa zima kwenye shamba la mama yake yule msichana, tukachimba mpaka nikatoka malengelenge, nao wakachora upya. Nikaweka yote ndani: lawama yake, mchoro wangu mbovu, na michoro yao mizuri. Waliokuja kunihoji walipita vyeti haraka, wakakaa kwenye kurasa hizo tu. Nikaajiriwa. Nilimshukuru Mama Kalondu, na yule msichana nikamshukuru mbele ya wenzake, na hadi leo nawashukuru wote wawili.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiandaa lako, usianze na sifa. Onyesha ulipokosea, ulichobadilisha, na wanafunzi walichofaidi. Vyeti viwe nyuma.

Mungu akupe wanafunzi wasiokuogopa, na akupe moyo wa kuwasikia.