Dada wa Katuni na Palizi ya Ipyana

Juzi nimepita mtaa wa Mbugani na samaki wangu wa usipa mkononi, duka la simu limefungulia spika mpaka barabarani, na ndani ya kelele zile nikaijua sauti. Yule dada wa Kijapani! Jina lake silijui, anachoimba sikielewi, lakini ndiye aliyenifundisha kuimba. Usicheke.

Nimelelewa na bibi, kijijini Ipyana. Palizi ya mpunga ilikuwa na nyimbo zake, na bibi ndiye aliyeziongoza: yeye anatoa, wanawake wanapokea, mikono inang'oa magugu. Mwaka mmoja koo likamkauka kabisa, akasema nafasi yake niichukue mimi. Mimi, mwenye kasauti ka kifaranga! Nikishindwa ingekwenda kwa jirani yetu, na jirani alikuwa ameshaanza kujikohoza.

Siku za soko tulikwenda mjini kupepeta mchele barazani kwa mwenye duka mmoja, mtu mwenye asili ya pwani. Yeye huwasha deki ya video, anaweka katuni za Kijapani alizoletewa na wafanyabiashara wa Malawi. Humo kwenye katuni kulikuwa na kijana mkorofi, sauti ya kukwaruza. Katuni ikiisha, anaimba dada.

"Ni mtu mmoja huyo," mwenye duka akatuambia. "Anamsemea kijana, halafu anaimba kwa sauti yake mwenyewe."

"Mwongo wewe!" wanawake wakamrukia, ungo mikononi.

Nikaanza kumsikiliza vizuri. Kwetu kwaya ni mapafu. Ukiimba, asikie hata aliye ng'ambo ya mto. Dada yule aliingia kama anayekuambia siri, karibu aongee tu, ngoma zikamtangulia. Kwenye kiitikio akapanda juu moja kwa moja, bila kuivuta sauti wala kuitetemesha, kisha akalikata neno la mwisho na kunyamaza. Pumzi yake unaisikia. Na hapo aliponyamaza, wanawake wa mchele, kwa mazoea ya shambani, wakamwitikia: "Eee, mama!" Wakaendelea hivyo wimbo mzima, Kinyakyusa juu ya Kijapani, wala hakuna aliyeshangaa.

Bibi alikuwa ameinamia ungo wake. "Umemsikia? Hashindani na watu. Anawaachia nafasi waje."

Siku ya palizi, maji kwenye miundi, nikaanza hivyo hivyo, kama ninaongea. Jirani akaguna. Wengine wakaacha kupiga soga ili wanisikie, nikapanda, nikakata, nikanyamaza. Wakapokea wote kwa pamoja, na jirani naye akapokea. Bibi akaniambia, "Ndaga, mwanangu," asante ya Kinyakyusa, basi. Nilifurahi mno, nikang'oa na mpunga.

Mwaka uliofuata nilijiandaa. Nilitunga wimbo wangu mwenyewe, nikaufanyia mazoezi kisimani mpaka mbuzi wakanizoea. Tulipofika shambani tukamkuta mwanamume mmoja, bomba mgongoni, ananyunyiza dawa ya magugu. Kabla jua halijawa kali alikuwa amemaliza.

Sasa Ipyana yote ni dawa, na sisemi ni mbaya; migongo imepona. Wanawake walirudi nyumbani mapema siku ile, kila mmoja na njia yake. Bibi alibaki kidogo ukingoni, akaniuliza wimbo wangu ulikuwa unaanzaje. Nikamwambia nitamwimbia mwaka ujao, tukiwa wengi.