Shija Alivyotundika Glovu Akiwa Bado wa Moto

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa glovu. Kocha Mkuu wa klabu yetu ya Kilosa, sajenti mstaafu tuliyezoea kumwita Afande, alinipa bandeji iliyofuliwa hadi ikawa ya kijivu, akanyoosha mkono wake mbele yangu na kusema, "Funga." Nikafunga. Akakunja ngumi, akaipiga meza, na bandeji yote ikafumuka na kuanguka chini.

"Funga tena."

Tulikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba, si mbali na reli, na joto lilikuwa kali kiasi kwamba kuta zenyewe zilionekana kutoka jasho. Kabla ya hapo nilikuwa bondia, tena si wa kubezwa, lakini kidole gumba changu kilivunjika kikaunga vibaya, nikaamini mimi na ngumi tumeagana. Afande hakukubali. Alikuja mpaka nyumbani, akaamkiana na wazazi wangu, kisha akaniambia mbele yao, "Mkono umeharibika, lakini macho unayo. Njoo kona."

Vijana mnaosoma haya huenda mnamjua bondia tu, yule anayeinuliwa mkono mwishoni. Kona ni watu wanaomsubiri raundi inapoisha. Kengele ikilia anakaa kwenye stuli, na ndani ya dakika moja mnampa maji, mnambandika kitu cha baridi palipovimba, mnampaka mafuta kwenye nyusi ili ngumi iteleze badala ya kuchana, na mnamwambia la kufanya. Jambo moja tu. Afande alinifokea siku niliyompa bondia mashauri mengi kwa pamoja. "Huyu kichwa kinamlia kama kengele ya kanisani, na wewe unamhutubia! Mwambie neno moja, arudi nalo."

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Nilijifunza kushika padi, yaani vile viganja vinene vya ngozi ambavyo kocha huvaa ili bondia avipige. Mkishika padi vizuri mtamjua mtu kuliko mnavyomjua ndugu yenu. Hofu yake mtaisikia mikononi, na uvivu wake pia. Na mara chache sana katika maisha, mtasikia kitu kingine.

Klabu ilipofungua tawi Mikumi, Afande alinituma huko. Mkubwa wangu mpya, Meneja wa tawi, alikuwa mama mwenye hoteli ya wasafiri kando ya barabara kuu, mpenzi wa ngumi kuliko wanaume wote niliowahi kukutana nao. Ulingo wetu ulikuwa nyuma ya jiko lake. Mabondia walikimbia asubuhi kando ya lami, wakirudi wakati malori yanaanza kupasha injini, na Mama Meneja akiwapigia kelele kutoka dirishani: "Inua magoti! Unakwenda kulima au kupigana?"

Shija alitokea hapo siku moja akiwa amevaa katambuga za matairi, shati limefungwa kifungo hadi shingoni. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia Kilangali kutoka upande wa ziwa, na yeye alikuwa amekuja Mikumi kubeba mizigo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Kupigana."

"Na nani?"

Akafikiri kidogo. "Na yeyote utakayeniruhusu."

Nikavaa padi nimpime, nikiwa na haraka zangu, nikitaka aondoke. Akarusha jebu, ile ngumi fupi iliyonyooka ya mkono wa mbele ambayo ndiyo alfabeti ya mchezo huu. Padi ililia paaa! Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwambia arudie. Paaa! Bega langu lilirudi nyuma, na jamaa hakuwa hata ametoka jasho. Alikuwa ameshika plau nyuma ya maksai tangu utotoni, miguu ilisimama ardhini kama imechimbiwa, na nguvu yote ilipanda kutoka huko. Nilianza kucheka peke yangu. Mama Meneja aliniuliza nacheka nini. Nikainua padi tena.

Basi tukaanza. Nikamfundisha kulinda kidevu, kupumua, kuzunguka bila kupishanisha miguu. Alikuwa msikivu, hana majivuno, na alijifunza kwa kasi iliyonitia wazimu wa furaha. Nikimwonyesha kitu leo, kesho anakirudisha kikiwa kizuri kuliko nilivyokitoa. Akaanza kushinda. Kilosa alishinda, Morogoro alishinda, na kila akirudi, kijiweni hapakaliki.

Hatimaye akapangiwa pambano la mkanda wa kanda, palepale Mikumi, mchana kweupe kwenye uwanja wa mpira. Mpinzani wake alikuwa Kassimu, bingwa mtetezi, utingo wa malori, mwerevu kama sungura na mgumu vilevile. Malori yalileta mashabiki kutoka Kilangali na Masanze. Wakulima wa Kisanga na wafugaji, watu waliokuwa wamenuniana msimu mzima kwa sababu ya ng'ombe kuingia mashambani, walibanana kwenye mabenchi yaleyale kwa kuwa hapakuwa na mengine.

Lo, vijana, laiti mngekuwepo! Raundi za mwanzo Kassimu alitufundisha kazi. Aligusa na kuondoka, akagusa na kuondoka, na jicho la Shija likaanza kuvimba. Kwenye stuli nilimbandika chuma baridi, nikamwambia neno moja: "Mbavu."

Akarudi akazifuata mbavu. Kassimu alipoanza kushusha kiwiko ili azilinde, nilijua, na Shija alijua. Raundi ya sita alijifanya anapiga mbavu tena, kiwiko kikashuka, na mkono wa kulia ukapita juu yake. Mlio ulifika mpaka barabarani. Kassimu akaenda chini mzima mzima. Mwamuzi akahesabu hadi mwisho na uwanja ukalipuka! Mkulima mmoja wa Kisanga alimnyanyua juu mzee wa Kisukuma, fimbo yake na kila kitu. Mama Meneja alipoteza kiatu. Mimi niliingia ulingoni nikiwa nalia, ndoo bado nimeishika.

Shija peke yake hakurukaruka. Alipiga magoti pembeni ya Kassimu na daktari, na hakuinuka mpaka Kassimu alipoinuka.

Wiki iliyofuata Mama Meneja alipata simu kutoka Dar es Salaam. Shija alikuwa anatakiwa kwenye pambano kubwa, la kuonyeshwa kwenye televisheni. Tulikumbatiana jikoni. Kisha tukamwita Shija, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Nashukuru, Mama. Lakini mimi nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Ngumi."

Mama Meneja akaketi. "Mwanangu, mtu haachi akiwa anapanda!"

"Nisamehe, Mama," alisema, akachukua mfuko wake, akaenda zake Kilangali.

Nilimfuata. Sikuwa na amani. Nilibeba padi zangu na glovu zake, nikapanda bodaboda, na njia nzima nikapanga maneno. Baba yake, mzee mrefu asiye na haraka, aliitikia shikamoo yangu, akaniletea kigoda, na akasema maneno machache tu: "Mtu mzima huyu. Zungumza naye." Akatuachia ua.

Nikamwambia Shija kila nilichokuwa nacho. Kwamba sijawahi kushika padi za mtu kama yeye. Kwamba nilichomfundisha ni nusu tu, na nusu nyingine nilikuwa naitunza. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kocha," alisema, "Kassimu alipoanguka, nilifurahi."

"Ni haki yako. Ulishinda."

"Hapana. Nilimwona jicho limegeuka, nikatamani aamke ili nimpige tena. Nilipopiga magoti pale, watu walidhani namwombea. Nilikuwa najizuia. Sijawahi kuwa mtu huyo, na kitu kile kilikuwa kitamu. Sitaki kukizoea."

Nimeona mabondia wengi waliolipita jambo hilo wakaendelea vizuri, nikamweleza hivyo. Akakubali kwamba inawezekana. "Lakini mimi ndiye ninayerudi nacho nyumbani," akasema.

Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi limejaa uani. Kisha akaziona glovu kwenye mfuko wangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Shika padi, Kocha. Mara moja."

Nikavaa. Naye akavaa glovu zake. Na hapo, kati ya zizi na jiko, nikaona ngumi nzuri kuliko zote nilizoziona maishani. Hakuwa na mpinzani, hakuwa na hasira. Jebu, jebu, kulia. Ngumi ya kushoto, ile inayokuja kwa kupinda kutoka ubavuni, sikuiona kabisa; niliisikia tu ikitua. Nilianza kumwitia mchanganyiko ambao sikuwahi kumfundisha, akaupiga kama aliyezaliwa nao. Ndugu zake wakaja, majirani wakaja, baba yake akatoka ndani akasimama mlangoni. Nilikuwa napiga kelele kama mwendawazimu: "Tena! Tena! Ndivyo!" Mikono ilikuwa inaniwaka na sikutaka iishe.

Akasimama mwenyewe. Akafungua kamba za glovu kwa meno, akazivua, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Umeona, Kocha? Ngumi bado ninazo."

"Nimeona," nikasema. Na sikumbembeleza tena, kwa sababu mtu aliyepiga vile hakuwa anakimbia kitu chochote. Niliporudi na kumweleza Mama Meneja, aligeuza uso dirishani, akasema, "Angalau wewe ulizishika."

Mkanda ulirudi kwa Kassimu baadaye, naye akaubeba kwa heshima miaka kadhaa. Alipostaafu alikuwa na ulimi mzito kidogo asubuhi, lakini akili yake timamu, na sasa ana gereji ndogo Mikumi. Shija analima mpunga Kilangali, ana familia, na trekta lake likiharibika hulipeleka kwa Kassimu. Nimewakuta pale wakibishana. Kassimu anaapa kwamba aliteleza. Shija anamwambia, "Uliteleza, kaka, ni kweli, ulingo ulikuwa na maji," na wote wawili wanacheka mpaka wateja wanageuka.

Mimi nilistaafu mwaka juzi, nikarudi Kilosa. Sikustaafu kama Shija. Magoti ndiyo yaliyoniambia, na niliyabishia sana. Watu huniuliza kama inaniuma kwamba bondia wangu bora aliondoka mapema. Iliniuma, tena sana. Nimewaona wengine waliobaki mpaka mwisho, nikawasindikiza kutoka ulingoni wakiwa wameegemea bega langu, na hao nao nawapenda na kuwaheshimu. Lakini sikumbuki ngumi zao kwa jinsi ninavyokumbuka zile za uani.

Jioni binti yangu huniwekea mapambano kwenye simu yake. Nayaona mabingwa wa leo, wepesi, wamelishwa vizuri, na nakiri wanajua. Lakini kila mmoja nampima kimyakimya, kisha namwondoa mpinzani wake na kumweka Shija. Nasogea mbele ya kiti. Namtafutia mwanya. Huyu anashusha mkono wa kushoto, yule hapendi mbavu. Binti yangu husikia nikisema "sasa!" peke yangu na kuniuliza nani ameshinda.

Namwambia ni wa kwetu. Mpaka leo hajapigwa.