Sauti Iliyofutwa Siku ya Mazishi

Tarehe 14 Agosti mwaka 2001 nilimpoteza mke wangu. Siku tuliyomzika kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, Kilema, nilipoteza na sauti yake, ila hilo nilikuja kulijua matanga yalipokwisha.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya kigango chetu. Waliwahi kurekodi kanda moja tu. Walichanga kwa kuuza ndizi na kahawa, wakitegemea mauzo ya kanda yawapatie kinanda. Haukupita muda vijana wa stendi ya Moshi wakawa wanaidabu, wanainakili na kuiuza rahisi, na waumini wenyewe wakaifuata huko kwa sababu ya bei. Kinanda hakikununuliwa. Mke wangu alishuka mjini, akasimama mbele ya kibanda kimoja, akamwambia mwenye kibanda, "Wewe ni mwizi kama mwizi wa kuku, ila wa kuku huona aibu." Aliporudi akaniapisha kwamba kanda ya kudabu haitaingia nyumbani kwake. Nikaapa.

Siku ya mazishi, shemeji yangu alitaka kumrekodia ibada dada yao aliyekuwa mbali, asiyeweza kufika. Ni kawaida yetu. Alichukua kanda iliyokuwa ndani ya redio. Vijino vyake vya juu vilikwishavunjwa ili isirekodiwe tena, lakini yeye aliziba vile vitundu kwa karatasi, akabonyeza. Hakuangalia ni kanda gani. Nilipokuja kuiwasha nimsikie mke wangu, nikamsikia padri, na udongo ukianguka juu ya jeneza. Nikageuza upande wa pili. Walikuwa wanasoma salamu za rambirambi.

Niliuliza kwa wanakwaya. Kanda ya huyu ilitafunwa na redio, ya yule iliazimwa haikurudi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nikiwa napalilia, nilijaribu kuikumbuka sauti yake, ikawa inanijia ya mtu mwingine.

Nikashuka Moshi, mpaka kwenye kibanda kile kile.

"Karibu, meku," yule kijana mwenye kibanda akasema, akiniita mzee kwa Kichaga. "Tukuwekee bolingo au injili?"

Nikamtajia kwaya. Akacheka.

"Hiyo kuna mama alikuja kunitukana kwa ajili yake. Watu walijaa hapa kama mnadani. Hajambo?"

"Amefariki. Alikuwa mke wangu."

Akaacha kucheka. "Pole, mzee." Akainama chini ya meza, akatoa kanda yake ya kudabia, ile aliyonakilia nyingine zote. "Baada ya yale matusi nilitaka kuifuta. Lakini yule mama alijua kuimba."

Deki yake iliweza kudabu kwa kukimbiza, ila akasema kanda ikikimbizwa sauti inachuja. Akaniwekea kigoda, tukangoja iende mwendo wake.

Upande wa kwanza haujaisha, filimbi ikapigwa. Watu wakaanza kukimbia. Siku hizo sheria ya kulinda kazi za wasanii ilikuwa bado mpya, na askari walipita vibandani wakizoa kanda na deki. Kijana akashusha ubao wa mbele. Mama wa mitumba aliyekuwa jirani yake akafunga kufuli kwa nje, kama walivyozoea, ionekane hamna mtu. Tukabaki gizani, kanda inazunguka.

"Zima, watasikia," nikamwambia.

"Nimeshusha sauti. Nikizima, labda kesho hii iko kituoni kwenye gunia, na hakuna nyingine."

Tukasikia kibanda cha tatu kutoka chetu kikivunjwa, kanda zikimwagwa. Niliogopa kutolewa mle mbele za watu, mfiwa, mtu wa kanisa, nimekaa na mwizi. Zaidi niliogopa lile gunia. Buti zikasimama mbele yetu. Mtu akatikisa kufuli. Mke wangu angekuwa hai angekuwa nje pamoja nao, akiwaonyesha kibanda kwa kidole, na angekuwa na haki. Nilimwomba Mungu awapitishe. Sijawahi kuomba kitu nikijua kabisa kwamba marehemu angeomba kinyume chake.

Wakapita. Kijana akageuza kanda upande wa pili.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe, mwanakwaya naye, aliyekaa kwetu tangu msiba. Nikawasha redio. Binti yake akaanzisha wimbo. Mama mkwe akaacha kumenya ndizi.

"Umeipata wapi?"

"Nimedabu mjini, mama. Kwa yule yule."

Alikijua kiapo changu.

"Alikukataza."

"Alinikataza."

Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akaizima redio, akatoa kanda, akakishika kile kisu cha ndizi. Nilijua anaukata mkanda. Nilitaka kumzuia, nikakumbuka kiapo, nikamwachia.

Aliweka ncha ya kisu juu ya kanda. Akavunja kijino cha kwanza, kisha cha pili, akanirudishia.