Mkebe wa Herménégilde

Juni 1995 mume wangu Massoudi alimleta Herménégilde, mtunza wadudu wa chuo kikuu, nyumbani kwetu mtaa wa Buyenzi, akanitaka nimfiche. Mtaani kwao Mutanga Sud Wahutu kama yeye walikuwa wanawindwa. Mtu kakimbia bila hata shati la pili, lakini mkebe wa maziwa ya unga kaukumbatia! Nikaufungua nikitamani maziwa. Ndani mlikuwa na uyoga wa mti, ule mgumu unaochomoza ubavuni mwa gogo kama rafu, umejaa mbawakawa wadogo kuliko punje ya ulezi. Nilikasirika, sifichi.

Miezi mitatu alikaa chumba cha uani, dirisha limezibwa kwa kitenge. Akanieleza kwamba vidudu vile huzaliwa ndani ya uyoga, huula, huzaa na kufa humo humo. Nikamwambia basi wamepata mwenzao. Hakucheka, nami nikaona aibu, maana hata mimi kila nikisikia hodi nilijibanza nyuma ya mlango.

Mama yake alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, anamngoja. Kwenye kizuizi cha njiani, vijana wenye bunduki waliowawinda Wahutu waliwaacha Waswahili wa Buyenzi wapite, ila walisikiliza ulimi. Herménégilde, mtu wa milimani, hakuwa na L. Alisema "kurara." Basi mimi, fundi cherehani, nikageuka mwalimu. Kutwa nzima: lala, lala, lala. Akikosea, nampiga kidole kwa rula. Hata Kirundi nikampigia marufuku. Nikampa kofia na jina la Atumani.

Septemba tukatoka, mimi kama mkewe. Kijana wa kizuizi akafungua mkebe, akauchokoa uyoga kwa kidole. Hakuna kilichotikisika.

"Iko nini humu? Imekufa?"

"Apana, shefu," Herménégilde akajibu. "Ni tududu twa muti. Tunalala."

L mbili, safi kabisa. Tukapita.

Uvira mama yake alimwangukia shingoni akilia kwa sauti. Herménégilde akampapasa mgongo, akamwambia kwa Kirundi asilie. Neno lao ni "nturire." Yeye akasema:

"Ntulile, mama."

Kilio kikakatika. Mama akajitoa mikononi mwake, akamtazama kofia, akamtazama mdomo, kisha akaniuliza mimi nimemletea nani. Herménégilde akajaribu tena, na tena, jasho likimtoka, na ile R haikuja. Na mimi ndiye niliyemfundisha.